Nyapara Akataa Dagaa

Asubuhi ile Nyapara alipokataa dagaa, Hulda hakumwambia mtu. Aliinama tu jikoni, akasogeza kigae karibu na pua ya paka, akangoja. Nyapara aliwanusa dagaa mmoja mmoja kama mkaguzi wa Serikali aliyeletewa mahindi mabovu, kisha akageuza uso, akatazama moto. Kibarua, binti yake, aliyekuwa nyuma akisubiri zamu, naye akageuza uso. Tangu azaliwe Kibarua hakuwahi kuwa na maoni yake mwenyewe. Mama akila, anakula. Mama akisusa, anasusa.

"Kula, mama," Hulda alimbembeleza kwa sauti ya chini. "Kula kabla hawajaja."

Walikuja. Wa kwanza alikuwa Emilia, jirani wa ng'ambo ya miti ya miwati, na kigae chake cha kuombea kaa la moto. Alisimama mlangoni, pumzi zikimtoka kama moshi kwa ile baridi ya Juni, ambayo mwaka ule ilikuwa kali hata majogoo waliwika wakiwa wamejikunyata, sauti ikatoka nusu.

"Kamwene, mke wa Hezekia. Paka ameamkaje?"

"Ameamka salama."

Emilia akachungulia kigae. Dagaa walikuwa wamejaa vilevile. Akamtazama Hulda, akayatazama macho ya paka, akasahau hata kaa la moto lililomleta. Jua halijapasha nyasi, kijiji kizima, kutoka barabara kuu ya Njombe mpaka mtoni, kilikuwa kimeshapata habari: Nyapara hali.

Mgeni angeshangaa watu wazima kujulia hali paka. Lakini ni Hezekia mwenyewe aliyeyaanza mambo hayo. Siku alipopanda lori la manamba, vibarua wa mkataba, kwenda kukata mkonge Tanga, mkewe alishika ubao wa nyuma ya lori, akawa halii wala haachii, na dereva anapiga honi. Hezekia, ambaye hakuna jambo lililowahi kumkuta akakosa la kuchekesha, akamwinamia. "Paka wangu si nakuachia? Basi. Nyapara akitafuna dagaa hapa, ujue nami natafuna kule. Siku ukiona hali, hapo ndipo ulie." Lori zima likacheka. Hulda akacheka pia, mkono ukalegea, lori likaondoka.

Mkataba ukaisha. Wenzake wakarudi na blanketi na baiskeli, wengine wakarudi na kikohozi. Hezekia hakurudi. Mkataba mwingine ukaisha, na mwingine. Hakukuja salamu, hakukuja hata kitambaa. Lile neno la kwenye lori ndilo pekee alilomwachia mkewe, na Hulda alilishika vilevile kama alivyoshika ubao.

* * *

Baba mkwe wake, mzee Gideoni, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu aliyewahi kumsimamisha mama mmoja mbele ya usharika kwa kosa la kutazamia njozi. Mambo ya paka aliyaita mambo ya giza. Hata hivyo kila asubuhi alikuwa na safari isiyoeleweka iliyompitisha nyuma ya jiko la Hulda, na hapo fimbo yake ilikuwa lazima ikwame kwenye tope, kiangazi au masika. Akisikia ndani kach, kach, kach, fimbo ilikwamuka, na mzee akaenda zake akivumisha wimbo puani.

Siku ile fimbo ilikwama mpaka jua likapanda. Hakukuwa na kach.

Jioni alimwita Hulda barazani. Filemoni, mdogo wake Hezekia, alikuwa ameshakaa, amevaa koti lake la Jumapili siku isiyo Jumapili, na Hulda alipoliona koti alijua ni kikao.

"Shemeji," Filemoni alianza, "tusidanganyane. Mwaka juzi tulitaka kukaa matanga, ukasema paka anakula. Mwaka jana tukataka, ukasema paka anakula. Sasa?"

"Sasa anaumwa."

"Anaumwa. Na kaka je?"

"Filemoni," mzee alimkatiza.

"Hapana, Baba, mimi nauliza tu. Kipimo si chetu, ni chake yeye."

Hulda alitazama mikono yake. Alijua kilicho nyuma ya koti lile. Wakikaa matanga ya Hezekia, yeye atakuwa mjane asiye na mtoto. Atafungiwa mkeka wake na kurudishwa kwa baba yake kule Matembwe, na lile shamba la bondeni alilolivunja kwa jembe lake mwenyewe atalichukua Filemoni. Lakini hata shamba halikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba matanga yakishakaliwa, Hezekia akitokea siku moja barabarani na kofia yake na kicheko chake, hatamkuta mtu.

"Tungoje Sikukuu ya Mavuno," mzee alisema mwishowe, bila kumtazama yeyote. "Ikipita bila habari, tutatandika mkeka. Jina la mtoto wa mtu haliachwi hewani tu bila kuliliwa."

Filemoni akaguna. Alipokuwa akitoka alipita karibu na Hulda, akamnong'oneza, "Mpikie pilau huyo mumeo wa mkia."

* * *

Hulda alimfunga Nyapara mgongoni kwa kitenge kama mtoto, akashika njia ya Njombe. Penye ofisi ya mifugo kulikuwa na wanaume na ng'ombe wao, wamejipanga kusubiri sindano. Alijiunga mwisho. Waliodhani ana mtoto wakampisha kwa heshima. Mara kichwa chenye masikio mawili kikatokeza begani.

"Lo! Mama, huyo umemzaa na nani?"

"Mwacheni. Ng'ombe wake huyo, alinyeshewa akanywea."

Walicheka mpaka ng'ombe wakageuka kutazama. Hulda aliinamisha uso, akabaki kwenye mstari wake, na mstari ulivyosogea naye alisogea.

Kasimiri, msaidizi wa bwana mifugo, kijana wa Kikatoliki mwenye viatu vilivyong'aa kuliko kazi yake, alimtazama mama, akamtazama paka. "Serikali inatibu ng'ombe," alisema. "Paka hayumo."

"Namwomba Bwana amtazame mdomo tu."

"Nikitibu paka leo, kesho nitaletewa kuku anakohoa."

"Mdomo tu, Bwana. Nimetoka mbali."

Labda ilikuwa sauti yake, labda Kasimiri alichoka na ng'ombe. Alimkamata Nyapara shingoni, akamfungua kinywa, akachungulia, akaguna. "Hana ugonjwa huyu. Hana meno. Yale mawili yaliyobaki yameoza. Anatamani kula lakini anaumia. Miaka yote mnampa nini?"

"Dagaa wakavu. Wale wa Nyasa, wanaoletwa na watu wa Ludewa. Na ukoko wa ugali."

"Basi vikavu vimekwisha kwake. Mpe laini, chenye mchuzi. Asipokula siku chache zijazo, huyu hutakuwa naye." Akanawa mikono, akaita, "Ng'ombe anayefuata!" na watu wakacheka upya.

Njia nzima ya kurudi Hulda alikuwa na furaha ya kichaa. Hana ugonjwa. Anatamani kula.

* * *

Kumbe kujua dawa ni kitu kimoja, na kumnywesha mgonjwa ni kingine. Hulda aliloweka dagaa kwenye maji mpaka wakawa kama uji. Nyapara alichovya pua, akarudi nyuma, akatikisa mguu mmoja mmoja kama aliyekanyaga kinyesi. Kibarua akatikisa vilevile. Aliwapa uji wa ulezi, wakauzunguka. Akaenda kwa Letisia, mke wa Filemoni, aliyekuwa na ng'ombe wa maziwa.

"Maziwa?" Letisia alisema, akiwa ameshika kibuyu. "Watoto wangu sita hawajashiba, nimpe paka?"

"Kidogo tu, mke mwenzangu. Nitakupalilia njegere zako."

"Zote?"

"Zote."

Akamiminiwa kidogo kama machozi ya mtu asiyefiwa. Nyapara aliyalamba mara moja, akayatapika kwenye majivu.

Emilia akashauri mifupa. "Paka hakatai mchuzi wa nyama. Hakuna kiumbe kinachokataa mchuzi wa nyama." Lakini pale kijijini ng'ombe alichinjwa kwa harusi au Krismasi. Mifupa ilikuwa Makambako, penye njia panda, ambako malori ya Iringa na Mbeya yalisimama, madereva wakala, na harufu ya nyama, kwa maneno ya watu, ilinenepesha hata waliokuwa wakipita tu.

Hulda alifunga kikapu cha njegere, akaondoka alfajiri.

Mgahawa wa Oktavia ulikuwa kibanda cha mabati, na ndani sufuria la supu lililochemka tangu Vita vya Hitla bila kuzimwa, au ndivyo Oktavia mwenyewe alivyopenda kusema. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, na miguuni pake walilala paka wanne wanono kama mito ya kulalia. Hulda alisimama akiwatazama paka wale kwa wivu kabla hajasema haja yake.

"Njegere nzuri," Oktavia alisema, akizichukua. "Kwa hiyo unataka mifupa na supu kwenye kopo. Mumeo anaumwa?"

"Ni paka. Hataki vya majimaji. Amezoea vikavu."

Oktavia hakucheka, na Hulda nusura alie kwa ajili hiyo. "Unampa vya baridi?"

"Ndiyo."

"Basi! Paka, dada yangu, hula kwa pua kwanza. Kitu baridi hakina harufu. Pasha, kiwe na joto la panya aliye hai. Tena usimbadilishie kwa ghafla, atafikiri unamfukuza kwake. Chukua haohao dagaa aliowazoea, watwange wawe unga, unyunyizie juu. Ajue kimoja anachokijua ndipo avumilie kile asichokijua. Kesho unga upungue, supu iongezeke. Keshokutwa tena. Polepole mpaka siku moja atajikuta anakula supu tupu na hakumbuki ilianzaje."

Pale kwenye benchi alikaa mtu mmoja na sanduku la bati jipya, akinywa supu kwa kelele. Kila mwenye sanduku la bati alikuwa ametoka mkongeni, na Hulda hakuwahi kumpita mmoja wao bila kuuliza. Mtu huyu aliitwa Yosefu, wa upande wa misheni ya Wakatoliki karibu na Njombe.

"Hezekia Gideoni?" alisema, akishusha bakuli. "Mrefu? Ana kovu kwenye nyusi? Anacheka kabla hajamaliza kusimulia?"

Hulda akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Huyo."

"Mzima kabisa! Aliacha mkonge zamani. Yuko Korogwe, fundi baiskeli. Tulikaa mtaa mmoja." Kisha Yosefu akakitazama kitenge chake, akautazama uso wake, na sauti ikapoa. "Kwani wewe, mama, ni nani wake?"

Swali lenyewe lilikuwa jibu. Hulda angalisema ukweli, mtu huyu angalisafisha koo na kuzungumzia hali ya barabara.

"Dada yake," akasema.

"Aa!" Yosefu akapumua, akacheka. "Basi hongera, shangazi! Una mtoto wa kiume kule, anatembea sasa. Wamemwita Gideoni, jina la mzee. Wifi yako ni Mzigua, mcheshi, wanafaana. Na nyumba amejenga, ya udongo lakini ina madirisha."

"Nyumbani hukumbuka?"

"Sana! Joto linamtesa. Jioni hutoka nje, akakaa juu ya gurudumu bovu, akasema, 'Jamani, ningepata baridi ya kwetu usiku mmoja tu.' Mpaka tunamcheka."

"Na watu? Huwataja?"

Yosefu alifikiri kwa uaminifu. "Baba yake, ndiyo. Hawezi kutaja jina la mtoto bila kumtaja baba yake."

"Na paka?"

"Paka?" Yosefu akacheka mpaka supu ikamtoka. "Hezekia na paka? Juzi kamrushia mmoja kiatu, kikapotea ng'ambo ya ukuta wa Mhindi. Akatembea na kiatu kimoja mpaka Jumapili."

Oktavia, ambaye alikuwa amesikia yote na kuelewa kuliko Yosefu, alijaza kopo la supu mpaka mdomoni, akaongeza mifupa mitatu, akalitia mikononi mwa Hulda. "Nenda nyumbani, dada," alisema. "Shika kwa mikono miwili, itamwagika."

* * *

Alifanya kama alivyofundishwa. Akapasha supu, akatwanga dagaa kwenye kinu kidogo cha chumvi, akanyunyiza unga juu, akaweka kigae chini. Hakuomba, maana hakujua aombe nini.

Nyapara alikuja akiburuta mbavu. Akanusa. Akasimama kwa muda mrefu sana, akiwaza kwa namna ya paka wazee. Ndipo likatokea jambo ambalo Emilia, aliyekuwa amesimama mlangoni, alilihadithia mpaka uzeeni, kila mara akiongeza kidogo: Kibarua, asiyewahi kuwa na maoni, alimpita mama yake na kutia kichwa kizima ndani ya kigae. Nyapara aliona. Alimzaba kofi, akamsukuma kwa bega, akaanza kulamba: kwanza unga, kisha unga na supu, kisha akatia pua ndani kabisa, na sauti ikasikika ambayo haikuwa kach, bali laini, ya majimaji, isiyokoma.

"Anakula!" Emilia akapiga kelele. "Jamani, Nyapara anakula!"

Watu wakaja. Fimbo ya mzee Gideoni safari hii haikusingizia tope. Ilipita moja kwa moja mpaka mlangoni. Mzee alimtazama paka akilamba, midomo yake ikatikisika. Hata Letisia alikuja na kibuyu, akasema maziwa yamebaki. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisa, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka wimbo wa paka, waliimba wa Pasaka.

Hulda alisimama katikati yao, akitabasamu kama picha. Kila aliyempa mkono alimwambia, "Yuko hai! Si tulikwambia?" Naye alijibu, "Yuko hai." Lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyowahi kuwaambia.

* * *

Kesho yake alimpelekea mzee uji, akasema, "Baba, pale Makambako nilikutana na mtu wa Tanga. Hezekia ni mzima. Amemwona kwa macho."

Mzee aliweka bakuli chini. Alilia bila kujificha, kisha akamtuma mtu kumwambia Filemoni akavue koti, matanga hakuna.

Siku iliyofuata Hulda alisema, "Ameacha mkonge, Baba. Sasa ni fundi baiskeli."

"Fundi!" Mzee akafurahi. "Tangu utoto alikuwa akivunja vitu. Nilijua ipo siku atatengeneza."

Siku iliyofuata tena alisema, "Amejenga, Baba. Nyumba ina madirisha."

Hapo mzee hakufurahi upesi. Aliangalia uji wake, akauzungusha kwa kijiko. Kutoka jikoni kwa Hulda walisikika paka wakilamba. Unga wa dagaa ulikuwa umeshapungua kuwa wa kuonjea tu, na wao wala hawakujua.

"Hulda."

"Bee, Baba."

"Mtu hajengi nyumba ya madirisha ili akae peke yake."

Hulda aligeuka kama anayetaka kwenda kuwatazama paka.

"Mwanangu, acha kunilowekea. Meno yangu bado yapo. Sema yote."

Akasema yote, amesimama, mikono imeshika ncha ya kitenge. Alimsema yule mwanamke wa Kizigua, na joto, na gurudumu bovu. Alisema hata kwamba alijiita dada. Alipofika kwa mtoto sauti ilikataa, akaanza tena. "Anatembea sasa. Wamemwita Gideoni."

Mzee aliusukuma uji kando, akacheka kidogo, kicheko kilekile cha mwanawe, kinachotoka kabla ya maneno. "Kwa hiyo jina langu liko Korogwe, linatembea. Na mimi miguu inauma." Akajifuta macho kwa kiganja. "Atakuwa na masikio makubwa. Sisi wote tuna masikio makubwa."

"Baba," Hulda alisema, "tandikeni tu mkeka. Mimi nitakwenda Matembwe. Afadhali mlie, watu wanijue ni mjane, kuliko hivi nisivyo na jina."

"Nimlilie mtu anayeziba pancha?" Mzee alitikisa kichwa. "Hapana. Na Matembwe huendi, ila ukitaka mwenyewe. Shamba la bondeni nitasema mbele ya wazee, na mbele ya mchungaji, kwamba ni lako, umelilima wewe. Filemoni atanuna. Na anune. Ukitokea mtu mwingine mwema akakutaka, mimi ndiye nitakayepokea mahari yako, kama binti yangu, na sitaona haya."

Hulda alipiga magoti kushukuru. Lakini alipokuwa chini hakuinuka. Maneno yaliyomtoka hakuwa ameyapanga.

"Bado namtaka, Baba. Ningemsikia leo barabarani, ningekimbia na unga mikononi. Pamoja na yote hayo."

Mzee Gideoni aliutazama mlango uliokuwa wazi, na baridi ikiingia bila kuulizwa, ile baridi ambayo mtu mmoja huko Korogwe alikuwa akiitamani.

"Najua," alisema. "Hata mimi, mwanangu."